Moshi wa Nyumba ya Nagakura

Siku ya kumposesha binti yake, Sekine Yasuji alivaa suti ya msiba, kwa kuwa ndiyo suti pekee aliyokuwa nayo. Mkewe Fusae alimvua tai nyeusi akamfunga nyeupe, maana kwao tai ndiyo inayotenganisha kuzika na kuozesha, kisha akarudi nyuma kidogo amtazame.

"Vipi, nafaa?"

"Unafanana na marehemu aliyepata nafuu. Twende zetu, tutachelewa."

Hawakwenda mbali. Wao walikuwa watu wa Mtaa wa Nje, mtaa wa wachuuzi na mafundi, na kina Nagakura walikaa Mtaa wa Ndani, walikokaa zamani samurai, askari wa mabwana. Kati ya mitaa hiyo miwili kuna uwanja mtupu ulioachwa tangu enzi za mabwana, ili nyumba za wachuuzi zikiungua, moto usiwarukie wakubwa. Yasuji alipenda kuwachekesha wateja wake kwa jambo hilo. Hata moto wetu, alikuwa akisema, haukuruhusiwa kwenda kuwaamkia.

Lakini siku hiyo hakuwa na mzaha. Kwapani alibeba kindoo cha mbao kilichofunikwa kitambaa, na ndani yake zilielea tofu, vipande vyeupe vya maziwa ya soya, alizogandisha mwenyewe asubuhi. Maji yalikuwa yakimchuruzikia suruali.

"Watu wanawapelekea wakwe pombe nzuri, samaki mwekundu," alinung'unika Fusae. "Wewe unapeleka tofu. Kama unakwenda kumdai mteja."

"Tofu ndiyo iliyomsomesha mtoto."

"Basi ingemsomesha na baba yake."

Chizuru, huyo mtoto mwenyewe, mwalimu wa chekechea, alikuwa ametangulia mbele katika kimono ya rangi ya waridi, akitembea haraka kuliko kimono inavyoruhusu. Yasuji alimtazama kisogo, moyo ukamwuma. Alikuwa na mtoto huyo mmoja tu. Leo, chai ikishanyweka, baba wa binti angetakiwa kutamka neno: mpokeeni. Likishatoka haliombwi kurudi. Na Yasuji, aliyekuwa ameitikia kila kitu nyumbani kwa kutikisa kichwa, hakuwa bado ameamua kama atalitamka au atalimeza. Sokoni watu walisema nyumba ya Nagakura ilikuwa na tabia ya kuwameza wake zake. Wanaonekana wakiingia, walisema, na wanaonekana wakitolewa.

Walipovuka uwanja na kuingia barabara kuu ya Mtaa wa Ndani, aliinua macho, na akasimama. Uzio wa mbao nyeusi ulikwenda pande zote mbili hadi jicho linapochoka, na juu yake miti mikubwa ilikuwa imewaka rangi ya vuli, nyekundu juu ya nyekundu. Hapakuwa na nguzo ya umeme wala tangazo la biashara. Yeye alizaliwa karibu hivi, na utotoni alipita huku mara nyingi nyuma ya baba yake na mzigo wa tofu, lakini walipita uchochoro wa nyuma, macho yakiwa chini, wakihesabiwa miongoni mwa vitu vinavyoletwa. Tangu mtaa ufunguliwe kwa watalii hakuwahi kuja. Nani alipe kiingilio kwenda mtaa wa jirani?

"Mama Chizuru," alisema kwa sauti ndogo, "hivi vyote vilikuwa hapa siku zote?"

"Funga mdomo, utaingia nzi."

Langoni mwa Nagakura palikuwa na kidirisha, na ndani yake mwanamke mwenye beji. "Watu wazima watatu?" aliuliza, mkono tayari kwenye tiketi.

"Sisi si watalii," Fusae alisema. "Sisi ni wakwe."

"Wakwe wa nani?"

"Wa nyumba!"

Nyuma yao foleni ilikuwa imeanza, watu wa kila nchi wenye kofia na simu. Mwanamke wa kidirishani aliangalia kindoo. "Samahani, baba, mzigo unaovuja hauingii. Kuna mbao za kale humu."

"Mimi nilipe tu, yaishe," Yasuji alisema, akitia mkono mfukoni.

"Thubutu!" Fusae akamshika kiwiko. "Ulipe kiingilio kwenda kumtoa binti yako?"

Munehiro, mchumba wa Chizuru na mtoto wa nyumba hiyo, akatokea mbio, jasho likimtiririka, akiinama kwa mkwewe, akiinama kwa mama mkwe, akamwinamia na wa tiketi ambaye hakuwa na haja. Kijana huyo alikuwa karani wa idara ya maji ya mji, mpole wa kupita kiasi. Alisema alimwachia maelekezo mtu wa zamu ya asubuhi, zamu ikabadilishwa, wamsamehe sana. Akawaongoza hadi mlango mkuu.

Huo haukuwa mlango wa kugonga. Ulikuwa jukwaa zima la mbao pana, lililong'aa kama maji yaliyotulia, lililojengwa ili machela ya bwana mkubwa ishushwe hapo asikanyage udongo. Sasa pembeni yake vilipangwa viatu vya watalii. Yasuji alitazama zile mbao, akatazama kindoo chake kinachodondosha, na miguu ikakataa.

"Tangulieni," alisema. "Hiki nikipitishe jikoni."

"Baba, kiache, Munehiro atakibeba," Chizuru akasema.

"Atalowa. Jikoni napajua." Akazunguka ubavu wa nyumba kabla hajazuiwa.

Jikoni kulikuwa na giza, na kulijaa moshi.

"Hodi!"

"Karibu. Ruka kizingiti, usikikanyage."

Akaruka. Macho yalipozoea aliona mwanamke amepiga magoti kando ya shimo la moto katikati ya sakafu, akilisha kuni. Alivaa suruali pana ya kazi yenye viraka, taulo kichwani, na uso wake ulikuwa umepakwa masizi hadi masikioni. Alikohoa kwenye kiwiko, akaendelea na kuni. Yasuji alitaka kusema jambo, lakini akawa ameinua kichwa, na juu huko akaona paa kwa ndani. Nyasi nene kama godoro, zimefungwa kwa kamba juu ya magogo yasiyo na msumari hata mmoja, vyote vimekuwa vyeusi na kung'aa kwa moshi wa vizazi. Alihisi kama mtu aliyeingia tumboni mwa kitu kilicho hai.

"Mama yangu wee," alisema. "Linasimamaje?"

"Hata lenyewe halijui," alisema yule mwanamke. "Unataka nini?"

"Nimeleta tofu. Mimi ni baba yake Chizuru. Bibi mwenye nyumba yupo?"

Mkono wa mwanamke ulikwama juu ya kuni. Aliitazama ile suti, ile tai, kile kindoo. Kisha akaivuta taulo chini, karibu na nyusi.

"Yupo ndani, anavaa. Iweke hapo kwenye maji. Nitamwambia."

Yasuji aliitumbukiza tofu taratibu, kipande kimoja kimoja, na kazi ilipokwisha alipaswa kuondoka. Badala yake akaketi ukingoni mwa sakafu. Maisha yake yote yalikuwa jikoni, na humo ndimo alimoweza kupumua.

"Moshi wote huu, na chungu hakionekani."

"Si wa chakula. Ni wa paa. Nyasi zisipopata moshi wadudu huzila, unyevu ukamalizia. Moto huu unawashwa kila kukicha. Theluji, joto, siku ya harusi, siku ya msiba."

"Na halmashauri haileti mtu?"

"Halmashauri inalipia nyasi. Moshi haumo."

"Kwa hiyo unauwasha wewe."

"Anauwasha mke wa nyumba." Akakohoa tena, kikohozi kirefu kilichomkunja mgongo. "Mimi namsaidia."

Yasuji alijipapasa, akatoa peremende ya tangawizi ambayo Fusae humtilia mfukoni, akampa. Mwanamke aliishika muda, kana kwamba hakumbuki vitu hivyo hufanywa nini, kisha akaitia mdomoni.

"Dada yangu, nikuulize jambo. Usipotaka usinijibu. Huyu bibi yako ni mtu wa namna gani?"

"Sokoni wanasemaje?"

"Wanasema amenyooka kama upanga, na hacheki."

"Hacheki, kweli. Akicheka anakohoa."

Yasuji alicheka peke yake. Kisha kicheko kikamkauka, akasema yaliyokuwa yakimkosesha usingizi. "Mtoto wangu ni mmoja. Nikitoka hapa natakiwa niseme neno, na naogopa. Mimi ni muuza tofu, nikiona mbao zinang'aa nasahau na jina langu. Nitaingia humo, nitapumbaa, nitasema ndiyo, halafu? Niambie wewe unayeishi humu. Mke wa nyumba hii anaishije?"

Mwanamke alichochea moto kwa muda.

"Haruhusiwi kupigilia msumari. Haruhusiwi kuweka kioo wala hita vyumba vya mbele, na wakati wa theluji maji ya kwenye chombo cha maua huganda. Akila, watu wanachungulia. Akianika nguo, wanamwomba aanue, zinaharibu picha. Anaingia bi harusi kwa mlango huu uliopita wewe, kwa sababu mlango mkuu si wa wanawake wa nyumba. Na anatoka kwa kule, ukumbi wa bustani, akiwa amebebwa. Ndiyo desturi. Katikati hakuna mlango."

"Na nyumba yenyewe? Inastahili?"

Hapo mwanamke aliinua uso juu kwenye lile giza linalong'aa, na Yasuji aliona kwamba hata yeye, baada ya miaka yote, lile paa lilikuwa bado linamshangaza.

"Inastahili," alisema. "Ndiyo ubaya wake."

"Basi unanishauri nini?"

"Mimi ni mtu wa jikoni tu. Lakini ningekuwa na binti..." Akasukuma kuni ndani. "Nenda, wanakungoja. Usipitie humu. Zunguka, uingie kwa mbele. Wewe leo ni mgeni wa heshima."

Yasuji aliinama kumuaga, akazunguka, akavua viatu mbele ya zile mbao pana, na akapanda akiwa ameshikilia pumzi.

Chumba cha wageni kilikuwa hakina kitu. Mikeka, pembe ya heshima yenye tawi moja la ua, basi. Lakini milango ya upande mmoja ilikuwa imeondolewa yote, na pale palipokuwa na ukuta palikuwa na bustani. Yasuji aliongozwa kuketi mahali pa mgeni mkubwa, akageuza kichwa, na kila alichokuwa amekipanga kikamtoka.

Kulikuwa na kuvu laini ya kijani iliyotanda kama zulia juu ya vilima vidogo, mawe matatu manne, mti wa vuli mmoja tu uliowaka hadi ndani ya matawi, na nyuma ya uzio kilima cha mji mzima, kile kile anachokiona kila siku kutoka dukani, kimekaa pale kana kwamba kilipandwa na mtunza bustani. Sakafu ya ukumbi ilikuwa imesuguliwa hata majani mekundu yalionekana ndani yake. Alihisi machozi yanakuja, akaona aibu. Mtu alikaa hapa miaka mia na zaidi iliyopita akapanga jiwe lile, ili leo yeye, mjukuu wa wabeba tofu, akose la kusema.

"Baba Chizuru, pumua," Fusae alimnong'oneza.

Ng'ambo ya kamba ya kuwazuia wageni, kwenye ujia, watalii walikuwa wamejaa. "Angalieni," mama mmoja alisema kwa sauti, "wameigiza mpaka posa!" Kijana mwenye kamera alimwonyesha Yasuji kwa mkono ageuze uso kidogo upande wa mwanga. Munehiro alijikunja kwa fedheha. Fusae, kwa upande wake, aliinua kidevu akatengeneza kola.

Mlango wa ndani ukateleza, akaingia Bi Toyono Nagakura. Kimono yake nyeusi ilikuwa na nembo ya ukoo mabegani, nywele zimechanwa zikakaa, uso mweupe wa poda. Alitembea kama asiye na uzito, akapiga magoti, akaweka mikono juu ya mkeka na kuinama.

Yasuji aliinama pia, na akiwa ameinama macho yake yakakutana na ile mikono. Kwenye mipasuko ya vidole na pembeni mwa kucha mlikuwa na masizi ambayo sabuni haikuyaweza. Halafu akasikia harufu ya tangawizi.

Joto lilimpanda kutoka shingoni hadi utosini. Alitamani ukumbi wenyewe ummeze. Alimdhania mkwewe mtumishi. Alimwambia yanayosemwa sokoni! Alipoinua kichwa, Bi Toyono alikuwa akimtazama kwa utulivu usio na ufa, kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza.

"Tunashukuru kwa tofu," alisema. "Nimeambiwa imefika."

Chai ikanywewa. Fusae alisifia chai, kikombe, tawi la ua, na hali ya hewa. Chizuru hakugusa kitu. Munehiro alijibu maswali ambayo hakuulizwa. Kisha kila mtu akajinyoosha, kwa sababu katika nyumba zile mwenyeji hawezi kusema haya, tupeni binti. Huuliza juu ya bustani. Baba wa binti huisifia, na akishaisifia, hulitamka neno.

"Bustani yetu si kitu," alisema Bi Toyono. "Lakini bwana Sekine anaionaje?"

Sifa zilikuwa tayari mdomoni mwake, na zote zilikuwa za kweli. Hajawahi kuona kitu kizuri hivyo tangu azaliwe. Aliitazama tena, na ikamvuta, na akajua kwamba akiendelea kutazama atasema ndiyo kwa ajili ya mti ule. Akageuza macho kwa nguvu, akayaweka kwenye ile mikono.

"Kabla ya bustani," alisema, "jikoni nilikutana na mtumishi wenu."

"Mtumishi?" Munehiro alishangaa. "Sisi hatuna..."

"Yupo," mama yake alisema.

"Nilimsemesha bila adabu. Sikumjua. Naomba mnifikishie radhi."

"Zimefika. Alikuambia nini, huyo mtu wa jikoni?"

"Alinieleza baridi, na moshi, na desturi ya milango."

"Ana mdomo mrefu. Nimfukuze?"

"Hapana, bibi. Angenidanganya ningekuwa nimeshaondoka na mwanangu. Alinieleza kweli, na kweli hiyo haikuwa na faida kwake." Sauti ilianza kumtetemeka, akaiacha itetemeke. "Kwa hiyo nitaomba jambo moja. Mwanangu akichoka, akitaka kurudi kwetu, iwe ana sababu au hana, apite mlango wowote autakao akiwa kwa miguu yake. Na asisemwe. Wala nyinyi msimseme, wala mtaa."

"Baba Chizuru!" Fusae alimfinya pajani kwa nguvu. "Unatuaibisha mbele ya watu!"

"Baba, mimi nampenda Munehiro," alisema Chizuru, machozi yakimjaa.

"Najua, mama. Sijakwambia usimpende."

Hata ng'ambo ya kamba simu zilikuwa zimeshushwa. Hakuna muuza tofu aliyewahi kuiwekea sharti nyumba ya Nagakura, katika chumba kile, mbele ya bustani ile. Yasuji alingoja kutolewa nje, na akajikuta haogopi tena.

Bi Toyono aliweka mikono yake mkekani, vidole vyote wazi, na masizi yake, kila mtu aone. Kisha akainama, chini zaidi kuliko alivyoinama mwanzo, mpaka paji la uso likagusa.

"Arudi atakapo," alisema. "Hata kesho yake. Nitamfungulia mwenyewe."

"Basi," alisema Yasuji, "mpokeeni."

Fusae aliangua kilio kilichochanganyika na kicheko, akamfinya tena pale pale, safari hii kwa mapenzi. Ng'ambo ya kamba mtu mmoja akapiga makofi, wengine wakamfuata, bila kujua wanashangilia nini. Munehiro, aliyekuwa ametota jasho, alitangaza kuwa kuanzia kesho moto atawasha yeye.

"Wewe?" mama yake alisema. "Uliyeshindwa na mshumaa wa keki?" Na akacheka, na alipocheka akakohoa, kikohozi kile kile, mkono ukiwa mdomoni. Chizuru alikuwa wa kwanza kuinuka. Alimsogelea kwa magoti, akamshika mgongo, akaushikilia mpaka kikohozi kikapita.

"Mama," alimwuliza polepole, karibu na sikio, "na wewe siku yako, baba yako aliomba nini?"

Bi Toyono aliutazama ule mti.

"Ilikuwa vuli kama hii," alisema. "Aliketi hapo hapo alipoketi baba yako, nami nyuma yake. Nilimtazama kisogo muda wote, nikimwombea aulize neno, lolote lile."

"Akauliza?"

"Aliisifia sana bustani."